Nilivyorekodi gitaa la Mzee Ramadhani kwenye stoo yangu, na siku magunia ya mama mkwe yalipoondoka

Wakuu, hamjambo humu jukwaani. Leo nimekuja kwanza kuomba radhi, kisha nisimulie kwa nini.

Mtakumbuka niliwahi kuweka hapa picha ya studio yangu ya nyumbani: stoo ya nyuma ya nyumba yetu, hapa Nchiru, Meru, iliyobandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Chini ya picha nikaweka kipande kifupi cha gitaa la umeme. Mlikisifu sana. Mmoja wenu akaandika kwamba gitaa hilo "limeketi kwenye kiti chake." Wengine mkaniuliza siri yake, nami nikajibu kwa maringo: trei za mayai, wakuu, ni trei za mayai tu.

Najua angalau watu watatu waliokwenda kuwasumbua wauza mayai kwa sababu yangu. Wapendwa, zibandueni. Picha ile na sauti ile havikuwa vya siku moja, na kilichokuwa kimeingia chumbani kati ya siku hizo mbili ndicho kisa cha uzi huu.

Nitayasema yote kama yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha. Na yapo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja hapa kaunti. Sura ya mawimbi ya sauti nimeifundisha kwa miaka ishirini na zaidi. Naomba mlikumbuke hilo tunavyoendelea, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau.

Gitaa nilijifunza nikiwa chuoni, kwenye bendi ya wanafunzi iliyokuwa na wapigaji watano na ampu moja. Baadaye nikaolewa, nikalea, nikafundisha, na gitaa likalala chini ya kitanda. Watoto walipokua nililitoa, nikanunua maiki moja nzuri, interface ndogo ya kuunganishia maiki na laptop, na headphones, nikahamishia jembe na mitungi kwingine, na stoo ikawa studio.

Mzee Ramadhani ni mchinjaji. Bucha yake iko Majengo, mjini Meru, hatua chache kutoka msikitini. Nilikuwa mteja wake kwa miaka mingi kabla sijauliza kwa nini kuna gitaa jekundu limening'inizwa ukutani, juu kabisa, mbali na mizani na mbali na damu.

"Hilo ni langu," alinijibu huku akipasua mfupa. "Wewe unataka nyama ya mbavu au unataka historia?"

Nikachukua zote mbili.

Enzi za ujana wake alipiga solo kwenye bendi iliyozunguka harusi na dansi kutoka Embu hadi Isiolo. Alitunga wimbo mmoja usio na maneno, ni magitaa matupu yanayojibizana. Unaanza taratibu kama watu wanaoamkiana, halafu katikati unachemka na hakuna anayebaki kitini. Majengo nzima wanaujua. Wazee huupiga mluzi wakinyoa ndevu. Lakini haukuwahi kurekodiwa hata mara moja. Bendi ilivunjika kabla.

Sasa, mkono wake wa kushoto una kidole cha pete kinachojikunja na kukwama. Asubuhi hukinyoosha kwa mkono wa pili, na kinatoa mlio kama kufuli. Daktari alimpangia upasuaji. Alimwahidi kwamba kisu atashika vizuri tu. Kuhusu gitaa, daktari hakuahidi kitu.

Siku aliponieleza hayo, alifuta kisu chake kwa kitambaa, akasema jambo ambalo lilinifuata hadi nyumbani:

"Mwalimu, unajua mpiga gitaa husimama nyuma ya spika? Watu wanakunywa supu, mpishi anakula moshi. Miaka arobaini nimelisikia hili gitaa kwa nyuma. Mimi nataka nilisikie kwa mbele. Mara moja tu, kabla hawajanifungua hiki kidole."

Nikamwambia aje Jumamosi. Ndivyo nilivyojiingiza, wakuu.

Hapo ndipo anapoingia mama mkwe wangu.

Yeye ni mtu wa Mbeere, kule chini Embu kwenye joto na mawe, ambako mtu hupanda mtama na ndengu kwa sababu mahindi huwa yanamdanganya. Binti yangu wa kwanza amebeba jina lake, Igoki, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo mimi ninaitwa Mama Igoki na yeye ananitazama kama mtu aliyemzaa yeye mwenyewe, ila kwa makosa.

Paa la nyumba yake lilikuwa linabadilishwa mabati. Akaja kukaa nasi hadi fundi amalize. Hakuja peke yake. Alikuja na magunia ishirini na matatu.

"Siwezi kulala mahali chakula yangu haiko," alisema, na huo ukawa mwisho wa mjadala.

Magunia yakaingia studio. Aliyapanga mwenyewe kwa kuelekeza kwa fimbo: ndengu ukuta wa nyuma, mtama kando ya mlango, kunde na mbegu kwenye kona. Yalipanda hadi kifuani mwangu, mengine hadi kichwani. Trei zangu za mayai zikafunikwa karibu zote. Nilibakiwa na nafasi ya kiti kimoja, ampu na maiki, na kila nilipogeuka, shingo ya gitaa iligonga chakula cha mtu.

Nililalamika sana moyoni. Mdomoni nilisema, "Karibu, mama."

Jumamosi ya kwanza Mzee Ramadhani alifika na gitaa lake jekundu likiwa limefungwa kwenye shuka. Alisimama mlangoni, akatazama.

"Mwalimu, uliniambia studio. Hii ni ghala ya serikali."

"Ingia tu, mzee. Pita kwa ubavu."

"Cucu," yaani bibi, akamwita mama mkwe aliyekuwa amekaa nje akichambua ndengu, "hawa panya wako wanapenda benga?"

Mama mkwe hata hakuinua macho. "Mimi si cucu yako. Vua hiyo kofia tuhesabu mvi."

Tangu hapo wakaelewana.

Tulianza na besi ya wimbo mzima, nikaipiga mimi. Kisha rhythm, lile gitaa la kushikilia mdundo, nayo ya wimbo mzima, nikaipiga mimi pia, yeye akinisimamia kama nyapara. Halafu akaketi kwenye kiti kile kimoja, akakinyoosha kidole mpaka kikalia, akapiga solo ya sehemu ya kwanza, ile ya taratibu. Mkupuo wa pili tu, ikawa imepatikana.

Wakuu, sauti ile. Kila nota ilitoka safi, nene, ikakaa mahali pake na kunyamaza ilipotakiwa kunyamaza. Sikugusa EQ, ile ya kupunguza na kuongeza sauti za chini na za juu. Nilivaa headphones nikahisi niko ndani ya gitaa.

Kidole kilikuwa kimeshavimba. Tukakubaliana kwamba sehemu ya pili, ile inayochemka, tuirekodi Jumamosi inayofuata, na upasuaji ulikuwa Alhamisi baada ya hapo. Muda ulitosha.

Jioni hiyo ndiyo niliyowawekea kile kipande, pamoja na picha ya zamani ya trei za mayai, iliyopigwa kabla magunia hayajafika. Niliona aibu kuonyesha magunia. Nani anaonyesha ulimwengu studio iliyojaa kunde?

Alhamisi iliyotangulia Jumamosi hiyo ya pili, nikiwa darasani, fundi wa Mbeere alipiga simu kwamba paa limekwisha. Mvua ilikuwa inanukia na mbegu zilitakiwa shambani. Mume wangu, ambaye anafanya kazi Maua, alimpata dereva wa pickup ya miraa aliyekuwa na siku ya mapumziko.

Mnawajua madereva wale. Mtu aliyezoea kuifikisha miraa Nairobi kabla haijanyauka hajui kubeba kitu chochote polepole. Nilitoka nyumbani magunia yakiwa ishirini na matatu. Nilirudi kula chakula cha mchana, hakuna hata moja. Ndengu zilikuwa Mbeere kabla sijamaliza kusahihisha mitihani ya darasa moja.

Mama mkwe alibaki siku chache zaidi, maana mjukuu wake alikuwa anakuja likizo.

Na mimi, mwalimu wa mawimbi ya sauti, nilifanya nini nilipoona stoo imebaki tupu?

Nilishangilia.

Nilifagia, nikapiga deki. Nikaweka kiti katikati ya chumba, nikasogeza ampu mbali kidogo, nikasimamisha maiki kwa heshima zake zote. Trei zangu zilionekana tena. Nilisema, sasa hii ndiyo studio.

Jumamosi Mzee Ramadhani alifika, akanyoosha miguu hadi mwisho, akafurahi. Alipiga sehemu ya pili kama mtu anayefukuzwa na fahali. Mkupuo mzuri tuliupata mara ya nne. Kidole kilikwama mara mbili, tukakiloweka kwenye maji ya vuguvugu, tukaendelea. Tulipomaliza alikifunga kitambaa akasema, "Basi. Kimefanya kazi yake."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilijisikia mtu muhimu.

Jumapili baada ya kanisa nikafungua laptop, nikaunganisha sehemu ya kwanza na ya pili.

Sijui niwaeleze vipi. Ilikuwa kama mtu anayezungumza nawe sebuleni, halafu katikati ya sentensi akahamia bafuni bila kukuaga. Gitaa ni lile lile, ampu ile ile, maiki ile ile, mikono ile ile. Lakini sehemu ya pili ilikuwa na ngurumo chini, na juu ilikuwa na mlio mkali unaorudi rudi kutoka ukutani. Pale ambapo wimbo ulitakiwa kuchemka, ulikuwa unatapatapa.

Najua mtaniuliza, kwa hiyo nijibu mapema. Kwa nini sikurekodi pia mstari mkavu, gitaa moja kwa moja kwenye interface, ili niupitishe kwenye ampu baadaye? Kwa sababu Mzee Ramadhani alikataa waya wa pili. "Gitaa bila ampu ni nyama bila moto," alisema. Nami nilikubali haraka, kwa sababu sauti ya wiki ya kwanza ilikuwa imenilewesha. Kosa ni langu.

Nilipambana na mixing, ile kazi ya kuzisawazisha sauti, Jumapili yote na Jumatatu baada ya kazi. Nikapunguza chini, ikawa nyembamba. Nikapunguza juu, ikawa kama gitaa limezibwa mdomo. Nikajaribu kuiharibu sehemu ya kwanza ili ifanane na ya pili, na hapo nikajionea huruma. Kila nilichogusa kiliondoa kitu kizuri na kuacha kibaya mahali pake. Na bado sikujua sababu! Nilidhani ni maiki. Nilibadilisha hata waya.

Jumatatu jioni nikampigia Mzee Ramadhani. Ningeweza kumdanganya. Mtu ambaye hajawahi kujisikia kwa mbele angejuaje? Lakini nilikumbuka alivyokifunga kidole kile, nikashindwa.

"Mzee, ile sehemu ya pili nimeiharibu mimi. Si wewe. Sauti haifanani na ya kwanza."

Nikasikia shoka likitua kwenye gogo.

"Nikija Jumatano mchana, utakuwa umeitengeneza hiyo shida?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa na msingi wowote wa kusema ndiyo.

"Kidole kina mikupuo miwili, Mwalimu. Labda mmoja na nusu. Halafu Alhamisi ni kisu."

Jumanne nikajaribu magodoro. Jirani na sisi kuna hosteli ya wanafunzi wa chuo kikuu, na vijana wanne walinibebea magodoro yao kwa moyo mmoja, wakidhani ninafanya utafiti. Tuliyasimamisha kwenye kuta. Nikapiga gitaa mwenyewe, nikasikiliza. Mlio mkali wa juu ulipungua kweli, lakini ngurumo ya chini ilibaki pale pale. Ilikuwa kama mtu aliyejifunika blanketi fupi: kichwa kimefichwa, miguu iko nje.

Nikakaa kwenye godoro la mtoto wa watu, nikaziacha sehemu zote mbili zicheze kwenye spika, moja baada ya nyingine, bila matumaini yoyote.

Mama mkwe akaingia na chai. Akasimama, akasikiliza hadi mwisho. Sikutarajia. Yeye hupenda nyimbo za kanisa, na hizo pia ziwe fupi.

"Rudisha ya kwanza," akasema.

Nikarudisha.

"Hii, nyumba ilikuwa imeshiba." Akanyoosha kidole kwenye spika. "Sasa weka ile ingine."

Nikaweka.

"Hii iko na njaa."

Nikamtazama. Akaweka kikombe chini, akatoka hadi mlangoni, akaingia tena, akaita kwa sauti moja fupi: "Uu!" Sauti ikazunguka chumbani, ikaturudia.

"Umesikia? Imerudi." Akaketi kwenye godoro kando yangu. "Mama yangu alikuwa ananituma kwa ghala na hakuna taa. Ananiambia, usihesabu, ita. Ukiita na sauti isirudi, kula. Ukiita na irudi kidogo, anza kupunguza. Ikirudi yote, enda uambie baba yako auze mbuzi."

Wakuu, nilihisi joto likinipanda usoni. Miaka ishirini ya ubao na chaki! Kitu kizito na chenye chembechembe hunyonya sauti, hata ile ya chini. Ukuta mtupu huirudisha. Nimetunga maswali ya mtihani kuhusu jambo hilo hilo. Na mama huyu, ambaye hakuvuka darasa la tatu, alilijua tangu utotoni kwa sababu kwao kulijua lilikuwa suala la kula au kutokula.

"Mama," nikasema, "yale magunia..."

"Yako Mbeere. Na ndengu imeshaingia kwa udongo nusu." Akainuka, akajifunga kitenge. "Lakini huku kwenu watu wamevuna mahindi. Nipe leso yangu nyekundu."

Sikumuuliza anakwenda wapi.

Jirani yetu wa karibu ni Mama Kendi, ambaye alikuwa amevuna vizuri na anajua hivyo. Nilimfuata mama mkwe hadi kwake, na nikasimama nyuma kama mtoto aliyepeleka barua.

"Tunataka mahindi yako kesho," mama mkwe akaanza, bila hata salamu ya kutosha. "Jioni unarudishiwa."

"Mahindi yangu inaenda wapi?"

"Kwa stoo ya Mama Igoki. Kusikiza gitaa."

Mama Kendi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama tena. "Mwalimu, kwani mahindi yangu inaenda disco?"

Nikajaribu kueleza mawimbi ya sauti. Nilipofika kwenye neno "masafa," mama mkwe akanikatiza.

"Kuna mzee atakatwa kidole Alhamisi. Anataka kupiga wimbo yake kabla. Nyumba ikiwa na njaa, wimbo unaharibika."

"Ni yule wa bucha ya Majengo? Yule wa gitaa nyekundu?" Sura ya Mama Kendi ikabadilika. "Huyo alipiga kwa harusi ya dada yangu! Chukueni. Lakini mimi na gunia zangu hatuachani. Nitakuja kukaa nazo."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatano mchana niliomba ruhusa kazini. Mkokoteni ulifanya safari kadhaa kati ya boma tano, na kila gunia lilifungwa kitambaa cha rangi yake ili lisipotee. Tulipata magunia kumi na tisa. Mama mkwe alisimama katikati na fimbo yake, akayapanga pale pale yake yalipokuwa yamekaa. Alikumbuka kila moja: hapa palikuwa na ndengu, hapa mtama, hapa kulikuwa na nafasi ya ngumi mbili. Mimi nilirudisha kiti na ampu mahali pa zamani, maana kwenye sakafu alama za miguu ya kiti bado zilikuwepo, licha ya deki yangu yote.

Kisha akaita. "Uu!"

"Bado."

Tukasogeza matatu kwenye kona.

"Uu! Bado kidogo."

Magunia yalikuwa yamekwisha. Mama Kendi, aliyekuwa mlangoni akilinda mali yake, akaingia na wenye magunia wengine wawili, wakaketi juu ya mahindi yao, wakajipanga ukutani kama baraza la wazee.

Mama mkwe akaita tena. Safari hii sauti ilitoka kinywani mwake, ikaingia kwenye magunia na watu, haikurudi.

"Sasa," akasema.

Mzee Ramadhani alipoingia na kuona wanawake watatu wameketi juu ya mahindi wakimkodolea macho, alirudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu, hii ni rekodi au ni posa?"

"Kaa upige," mama mkwe akamwambia. "Na usikosee. Watu wamebeba."

Nikawaomba wote wasikohoe, wasisogee, wasiseme kitu. Mama Kendi akafumba mdomo kwa mkono kabisa. Mzee akakinyoosha kidole. Kikalia. Akafumba macho, akasikiliza sehemu ya kwanza kwenye headphones, na ilipofika pale inapogeuka, akaingia.

Mkupuo wa kwanza kidole kilikwama katikati. Akakinyoosha taratibu, akanitikisia kichwa nirudishe.

Mkupuo wa pili, wakuu, sina namna ya kuueleza zaidi ya kusema kwamba nilisahau kutazama mshale wa sauti kwenye laptop. Alipiga kama mtu anayeaga wageni wengi na hataki kumsahau hata mmoja. Magitaa yalijibizana, ya kwake ya sasa na ya kwangu ya Jumamosi ile ya kwanza, na yote yalikuwa kwenye chumba kimoja. Nilimwona Mama Kendi akitikisa bega juu ya gunia, machozi yakimlengalenga, mkono bado uko mdomoni.

Nota ya mwisho ikalia. Ikafifia. Na kabla haijafa kabisa, Mama Kendi akashindwa. Akaachia vigelegele.

Wenzake wawili wakamfuata. Mama mkwe naye, yule wa nyimbo fupi za kanisa, akapiga vyake vya Mbeere, vitano, kama mtoto wa kiume amezaliwa.

Kila mtu alidhani wimbo umeharibika. Mama Kendi alikuwa anataka kujificha nyuma ya mahindi yake. Mzee Ramadhani alivua headphones, akatabasamu hadi jino lake la dhahabu likaonekana.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Harusi zote zilikuwa zinaisha hivyo."

Magunia yalirudi kwa wenyewe kabla jua halijazama, hata punje moja haikupotea. Mama Kendi alihesabu mara mbili. Alhamisi Mzee alipasuliwa.

Kwa wale mnaopenda kujua, mixing ilinichukua mchana mmoja tu. Rhythm nikaiweka kushoto kidogo, besi katikati, solo katikati na juu kidogo ya zote. Nikapunguza ngurumo kidogo sana kwenye besi. Reverb, yaani mwangwi, ya kupimwa kwa kijiko cha chai. Mshono kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, nawaahidi, mimi mwenyewe leo sijui uko wapi. Vigelegele sikuvigusa.

Wiki mbili baadaye nikapeleka spika Majengo. Ilikuwa alasiri, watu wanatoka msikitini, na bucha ilikuwa na foleni. Mwanawe ndiye aliyekuwa anakata nyama. Mzee alikuwa ameketi kando, mkono umefungwa bandeji nyeupe kubwa.

Nikaiweka spika mezani, uso wake ukielekea barabarani.

Mzee Ramadhani akainuka. Hakuketi karibu. Alitoka nje, akavuka barabara, akasimama mbele ya duka la viatu, akageuka kuitazama bucha yake. Akaninyooshea mkono mzima, ule usio na bandeji.

Nikabonyeza.

Mstari wa wateja ukageukia spika. Mzee mmoja aliyekuwa na mfuko wa matumbo akaanza kupiga mluzi akifuatisha, halafu akaacha, kwa sababu safari hii hakukuwa na haja. Kule ng'ambo Mzee Ramadhani alisimama wima, bandeji kifuani, kofia mkononi. Wimbo ulipochemka, sikuona akicheza. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayesikiliza habari zake zikisimuliwa na mtu anayemjua vizuri. Vigelegele vilipolia, wanawake wawili waliokuwa wakipita wakavijibu bila kujua ni vya nani.

Akavuka kurudi. Nikamngojea aseme neno.

"Kumbe ndivyo lilivyo," akasema.

Akaivaa kofia yake.

"Ila huyo mwanamke wa rhythm, kwenye kona ya pili ya wimbo amechelewa."

"Nilikuwa nakitazama kidole chako, mzee."

"Kidole ni changu, rhythm ni yako." Kisha akaninong'oneza, ili wateja wasisikie: "Rudisha tena." Akavuka barabara mara ya pili kabla sijajibu.

Kidole sasa kinanyooka bila mlio. Kisu anashika. Gitaa bado linamkataa kwenye nota za juu, na anasema hana haraka nalo, wameshazungumza.

Funzo langu, wakuu, ni dogo, ila limenigharimu kiburi. Chumba nacho ni chombo, kinapigwa pamoja na gitaa. Usikibadilishe katikati ya wimbo, na kama kitabadilika, usiende kuitafuta dawa kwenye EQ. Andika kila kitu kilichokuwemo, hata kile unachokionea aibu kukipiga picha. Na usidharau masikio ya mtu kwa sababu hajui jina la kitu anachokisikia.

Mama mkwe alirudi kwao. Baada ya mavuno, pickup ile ya miraa ilisimama langoni na gunia moja la ndengu. Ubavuni limeandikwa kwa mkaa, kwa mwandiko wa binti yangu aliyekuwa amemtembelea: LA GITAA, LISILIWE. Limekaa ukutani nyuma yangu ninapoandika haya.

Sasa nanyi nisimulieni. Mnarekodi wapi: chumba cha kulala, jikoni, kwenye kabati la nguo? Mmeweka nini ukutani? Nina hamu ya kusoma, na waliobandika trei kwa ajili yangu wana ruhusa ya kunisema kwa jina.

Ila kabla hujajibu, ingia kwenye hicho chumba chako, simama katikati, uite mara moja. Halafu utuambie kama kimeshiba.